"Mie Nilitumwa Tu": Njama, Mzigo wa Watu na Kipimo cha Mahakama

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanasheria mmoja mbele ya klabu ya afya ya skuli ya sekondari hapa Pemba. Wanafunzi walitia maswali yao katika kisanduku wiki moja kabla, naye akayajibu. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Someni, kisha jadilianeni.

Assalamu alaykum. Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na nyinyi vijana wa kidato cha 1 hadi cha 4, ahsanteni kwa kunialika.

Najua wengine mnajiuliza: hii ni klabu ya afya, mwanasheria kaja kutafuta nini? Tulizoea kuambiwa habari za unga na daktari. Ni kweli. Daktari atakwambieni unga unafanya nini ndani ya damu, na sindano ya kuchangia inaleta nini: virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Lakini kuna kijana ambaye hajavuta, hajajidunga, hata harufu yake haijui, na unga ukamharibia maisha vilevile. Huyo ndiye aliyebeba mzigo wa mtu. Leo nazungumza habari zake.

Katika kisanduku chenu nimekuta maswali 3 yanayofanana. La kwanza: "Ukibebeshwa kitu na hukijui, utafungwa?" La pili: "Njama ni nini? Mtu anafungwaje kwa kuzungumza tu?" Na la tatu, aliyeliandika kakasirika: "Mbona wauza unga wanakamatwa, kisha mahakama inawaachia?" Maswali haya yote yana mlango mmoja. Ukielewa hakimu anapata wapi kipimo chake, umeyajibu yote matatu.

NJAMA NI NINI?

Njama ni makubaliano. Watu 2 au zaidi wanapokubaliana kutenda kosa, makubaliano yenyewe sheria inayahesabu kuwa kosa. Si lazima waandikiane. Si lazima wote wajuane. Mmoja anatafuta mali, wa pili anatafuta boti, wa tatu anatafuta kijana wa kubeba. Kila mtu ana kipande chake, lakini kamba ni moja.

Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya 2018 na ile ya Tanzania Bara zote zinalitaja kosa hili la kula njama. Tena adhabu za dawa za kulevya si mchezo. Sheria ya Bara ya 2015 inafika mpaka kifungo cha maisha. Kwa hiyo tunazungumzia miaka yote ya uhai wa mtu.

Shida ya njama ni kwamba haionekani. Mwizi wa kuku anakamatwa na kuku. Makubaliano utayakamata vipi? Mahakama inayatafuta kwa kutazama vitendo, simu, fedha, safari, na maneno ya mashahidi. Hapo ndipo penye hatari. Mtu anaweza kuonekana mwenye njama kwa sababu tu alikaa karibu na wenye njama. Na mwenye njama halisi anaweza kujificha nyuma ya neno moja: "Mie nilitumwa tu."

Sasa nani anaamua ipi ni ipi, na kwa kipimo gani?

KARAFUU NA MIZANI

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Msimu wa karafuu, mkulima wa Konde na mkulima wa Mkoani wote wanapeleka karafuu zao Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kama mizani ya Konde inasema kilo 10 na mizani ya Mkoani inasema kilo 8 kwa gunia lilelile, kutakuwa na amani? Haitakuwepo. Mizani lazima iwe moja, na lazima awepo mtu wa kuikagua.

Mahakama ni hivyo hivyo. Hakimu wa Wete na hakimu wa Chake Chake hawawezi kila mmoja kuwa na maana yake ya neno "kupatikana na dawa za kulevya". Kwa hiyo mahakama ya juu inapoamua maana ya neno la sheria, mahakama za chini zinafuata. Uamuzi ule uliotangulia ndio mizani.

Ngazi zenyewe ni hizi. Kuna mahakama za wilaya na za mkoa. Juu yake ipo Mahakama Kuu ya Zanzibar. Na juu kabisa ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979. Kabla yake tulikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufaa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nayo ilidumu mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Mahakama ya Rufani inapokea rufaa za jinai kutoka Zanzibar pia. Yasiyofika kwake ni mambo ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale yaliyoanzia kwa kadhi.

Je, hakimu wa chini akiona uamuzi wa juu haukumpendeza, anaweza kuuweka kando? Hawezi. Jambo hili lilitamkwa wazi katika kesi iliyochapishwa 1988, baina ya jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA, na Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, KIUTA. Mahakama ya Rufani ilisema maamuzi yake yanazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Kesi ile haikuhusu unga hata chembe. Lakini mpaka leo mwanasheria anayemtetea mtu wa unga anaweza kuitaja. Ndivyo uamuzi unavyosafiri: unazaliwa katika jambo moja, unatumika katika jingine.

Lakini haufuatwi kama kasuku. Hakimu anajiuliza maswali 2. Kwanza: mambo ya kesi ile yanafanana na yaliyo mbele yangu? Pili: sheria iliyotafsiriwa kule ni sawa na sheria yetu? Zanzibar ina sheria zake za jinai na za ushahidi. Kifungu kikiwa sawa, uamuzi unafuatwa. Kikiwa tofauti, wakili atasimama aseme, "Mheshimiwa, ile ni kesi nyingine." Kutofautisha kesi ni nusu ya kazi ya uwakili.

TUMTAZAME KOMBO

Sasa tumtunge kijana, tumwite Kombo. Hayupo, msije mkamtafuta. Kombo yuko kidato cha 3, anakwenda Tanga kwa mjomba wake. Jirani anamwambia, "Mwanangu, nichukulie boksi hili la haluwa, pale gatini atakupokea mtu." Anampa Sh 200,000 za nauli na soda. Kombo anakamatwa bandarini. Ndani ya haluwa mna kete.

Kombo analia: "Mie nilitumwa tu!" Hakimu afanye nini?

Akafungue vitabu. Katika uamuzi uliochapishwa 1987, ukurasa wa 134 wa Ripoti za Sheria za Tanzania, Mahakama ya Rufani iliweka kipimo cha kupatikana na kitu. Ili mtu ahesabiwe kuwa nacho, lazima ithibitishwe mambo 2: kwamba alijua kipo, na kwamba alikuwa na uwezo wa kukitawala, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Kushika boksi peke yake hakutoshi. Lazima kujua.

Naona nyuso zinakunjuka. Ngojeni kwanza! Kujua hakuthibitishwi kwa mdomo wa Kombo. Hakimu haoni moyo wa mtu, anaona mazingira yake. Atauliza: boksi la haluwa linabebewa kwa laki mbili? Mbona jirani hakulipeleka mwenyewe? Mbona Kombo hakuambiwa jina la mpokeaji? Mbona alipoona askari alilisogeza boksi kwa abiria mwenzake? Kila jibu bovu ni jiwe moja kwenye mizani. Mtu aliyefumba macho kwa makusudi asitegemee kuaminiwa kwamba hakuona.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: kutojua kwa kweli kunaokoa, kujitia hujui hakuokoi. Na baina ya hayo mawili unaweza kukaa rumande muda mrefu ukisubiri hakimu aamue.

KUWEPO SI KUSHIRIKI

Tuongeze. Kombo alikuwa na rafiki yake, Makame. Wamepanda boti pamoja, wamekula mkate pamoja, boksi lilikuwa kati yao. Polisi wanawashitaki wote wawili. Je, Makame ni mwenye njama?

Mwaka 1990, katika uamuzi uliochapishwa ukurasa wa 17 wa ripoti za mwaka ule, Mahakama ya Rufani ilisema kuwepo tu mahali pa kosa hakumfanyi mtu kuwa mshiriki. Lazima kuwe na kitu zaidi kinachoonyesha nia ya pamoja. Makame anaweza kusimama juu ya maneno haya.

Na kama Kombo, kwa kuogopa, atasema, "Boksi ni letu sote, mimi na Makame"? Hapa pia pana tahadhari ya zamani. Sheria ya Ushahidi ya Bara inakataza mtu kutiwa hatiani kwa maungamo ya mshitakiwa mwenzake peke yake. Majaji wa rufaa, tangu zama za Mahakama ya Afrika Mashariki, wameyatazama maneno ya namna hiyo kwa jicho kali: yanaweza kuupa nguvu ushahidi mwingine uliopo, lakini hayatoshi kusimama pekee. Sababu mnaijua. Anayezama hushika chochote, hata shingo ya rafiki.

NJAMA IKISHATIMIA

Kuna jambo linalowachanganya hata waendesha mashtaka. Watu wamepanga kosa, kisha wakalitenda. Washitakiwe kwa kupanga, kwa kutenda, au kwa vyote?

Mahakama ya Rufani ililigusa hili katika Rufaa ya Jinai Na. 335 ya 2009, iliyohusu unyang'anyi wa kutumia silaha. Ilisema si sawa kuweka shitaka la njama pamoja na la kosa lenyewe ambalo njama hiyo ilizaa. Njama ni kosa linalojitegemea: linafaa pale watu wanapokamatwa kabla hawajatimiza walichopanga. Wakishatimiza, washitakiwe kwa walichotenda. Basi mwendesha mashtaka wa kesi ya unga lazima achague vizuri shitaka lake tangu siku ya kwanza.

Mtaona sikutaja majina ya wahusika wa kesi hizi za jinai. Wanasheria huziita kwa majina ya watu, ndiyo desturi. Lakini kila jina lina mama na jamaa zake, na kwa kazi yetu ya leo namba inatosha.

"MBONA WANAWAACHIA?"

Sasa nije kwa yule aliyekasirika. Ndugu yangu, hasira yako naielewa. Unaona kijana wa mtaani kwenu ameshakuwa teja, mama yake anauza vyombo vya ndani, na aliyesemekana kumuuzia karudi nyumbani anacheka.

Lakini sikiliza. Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, nayo ya unyang'anyi, Mahakama ya Rufani ilieleza habari ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Maana yake ni kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa wakati, zinazoonyesha kitu kilikamatwa na nani, kikatunzwa na nani, kikahamishwa kwenda wapi, kikapimwa na nani, na mwisho wake ukawa nini. Shabaha ni kuhakikisha kilichokamatwa ndicho kilicholetwa mahakamani.

Fikirini safari ya unga ule wa kwenye haluwa. Askari anaukamata. Anampa mwenzake. Unakaa stoo ya kituo. Unapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, pengine kwa kuvuka maji kwenda Unguja. Unarudi. Miezi inapita. Unaletwa mahakamani. Kama hakuna karatasi wala shahidi wa kueleza nani alikuwa nao Jumatatu hadi Alhamisi, hakimu atajuaje kuwa ule ndio uliopimwa?

Baadaye, katika Rufaa ya Jinai Na. 485 ya 2015, mahakama ileile ililegeza kidogo. Ilisema si kila mnyororo ukikatika basi kielelezo kinatupwa. Inategemea ni kitu gani. Kama si rahisi kuharibiwa au kuchezewa, mahakama inaweza kukipokea. Lakini unga mweupe, jamani, ni rahisi mno kubadilishwa. Unafanana na unga wa ngano, unafanana na dawa ya kusagwa. Kwa hiyo kwenye unga ukali unabaki palepale.

Basi mtu anapoachiwa kwa mnyororo kukatika, mahakama haijasema unga ni halali. Haijasema hata kwamba yule ni malaika. Imesema: hamjanithibitishia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6), na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, zinamhesabu mshitakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka.

Unaweza kusema: "Hayo ni maneno ya mawakili, mtaani watu wanaumia." Ni kweli wanaumia. Lakini geuza upande. Siku kaka yako anapotiliwa kete mfukoni na mwenye chuki naye, kitakachomwokoa ni kanuni ileile iliyomwachia yule uliyemchukia. Hatuwezi kuwa na mizani 2, moja ya tunaowapenda na moja ya tunaowachukia. Dawa ya wauza unga kuachiwa ni kukamata vizuri, kuandika vizuri na kutunza vizuri. Askari mwenye kalamu safi anamfunga muuza unga kwa nguvu kuliko askari mwenye kirungu.

Na mlango wa rufaa uko wazi pande zote. Mwaka 1957, katika kesi ya Pandya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mahakama ya rufaa ya kwanza lazima iupime ushahidi wote upya na kufikia maamuzi yake yenyewe. Haitakiwi kupiga muhuri tu juu ya alichosema hakimu. Uamuzi huo unatajwa mpaka leo, na una miaka zaidi ya 60.

NG'AMBO NAKO

Msidhani mambo haya yanaishia kwetu. Mwambao huu ni mmoja. Mombasa, ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014. Januari 2017 wakapelekwa Marekani. Oktoba 2018 walikiri makosa mbele ya mahakama ya New York, likiwemo la kula njama ya kuingiza heroini na methamfetamini nchini Marekani. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Angalieni ajabu yake. Wale waliojifanya wanunuzi walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya serikali ya Marekani. Kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini zilikabidhiwa Kenya, mikononi mwao. Hazikuuzwa katika mtaa wowote wa New York. Lakini makubaliano ya kuzipeleka huko yalitosha kuwa kosa la njama. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kokeini iliyotoka Alaska, ilikuwa imeshaamua kwamba kwa njama za dawa za kulevya upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kitendo chochote cha kutekeleza mpango. Makubaliano yakithibitishwa, yametosha.

Hilo ndilo jibu la swali la pili. Mtu hafungwi kwa kupiga soga barazani. Anafungwa kwa kukubali. Neno "sawa, nitaleta" linaweza kuwa na uzito wa miaka 20.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usibebe usichokiona. Mzigo wa jirani, wa shemeji, hata wa mwalimu wa madrasa, ufunguliwe mbele yako kabla hujaupokea. Asiyetaka kufungua, abebe mwenyewe. Huko si kumvunjia mtu heshima, ni kujihifadhi.

Pili, malipo yakizidi kazi, uliza. Hakuna anayetoa laki mbili kwa ajili ya haluwa.

Tatu, ukipekuliwa, kuwa mtulivu. Usikimbie, usirushe kitu. Taja jina la mzee wako na uombe aitwe. Usisaini karatasi usiyoisoma. Omba msaada wa sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kina ofisi hapa Pemba pia.

Nne, na hili ndilo la klabu yenu hasa: anayetumia ni mgonjwa anayehitaji tiba. Kidongo Chekundu kule Unguja tiba ya methadoni ilianza 2015, na zipo nyumba za kupata nafuu. Rafiki yako akiwa ndani ya unga, usimfiche, wala usimkimbie. Mpeleke kwa mtu mzima anayeaminika, kisha hospitali. Anayeogopa kutafuta tiba ndiye anayekuwa rahisi kutumwa, maana mwenye mali anajua arosto itamlazimisha kubeba chochote.

Na mwisho, msihukumu kwa uvumi. Mkisikia fulani kakamatwa, ulizeni kama hakimu anavyotakiwa kuuliza: alijua? alikubali? kilichokamatwa ndicho kilicholetwa? Mkiyazoea maswali haya mtakuwa mashahidi wazuri, na wengine wenu, inshallah, mahakimu wazuri. Wengi wa wasichana hapa naona wanaandika haraka kuliko wavulana, na Mahakama Kuu inahitaji majaji.

Ahsanteni. Sasa ulizeni, na msione haya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KLABU

1. Kama Kombo angelipwa Sh 5,000 badala ya Sh 200,000, hakimu angeona vingine? Kwa nini?

2. Makame aliona boksi limefungwa kwa namna ya ajabu, akanyamaza. Je, kunyamaza ni kukubali?

3. Taja hatua zote ambazo kielelezo kinapitia kutoka bandarini mpaka mahakamani. Wapi ni rahisi kubadilishwa, na nini kifanyike?